Mgeni wa Usiku Mmoja Mombasa

Wakazi wa mtaa wa Fedha, hapa Embakasi, wamezoea mngurumo wa ndege zinazotua na kupaa katika Uwanja wa Jomo Kenyatta usiku na mchana. Ndani ya ndege hizo huja wageni walioambiwa makwao kwamba nchi hii ina miji ya kale na pwani ya kupendeza, na wengi wao huwa wamesoma angalau kijitabu kimoja juu ya Lamu, Gede au Ngome ya Yesu kabla ya kufunga mizigo. Watoto wetu nao, shule zinapokaribia kufungwa, hupakiwa katika mabasi au katika gari moshi linaloondoka Syokimau, wakapelekwa Mombasa kwa siku mbili tatu kwa gharama ambayo wazazi wameikusanya kwa taabu. Hurudi wakiwa na furaha tele na mchanga viatuni. Lakini ukimwuliza mmoja wao ameona nini, aghalabu atakujibu kwamba ameona bahari. Ukimsaili zaidi, atataja ngamia wa ufukweni na zile pembe kubwa za barabara ya Moi. Si kosa la mtoto. Hakuna aliyemfunza namna ya kutazama.

Ndiyo maana nimeona vyema leo nisimulie maisha ya mtu aliyefika Mombasa takriban miaka 700 iliyopita, akalala usiku mmoja tu, akaondoka. Na kutokana na usiku huo akatuachia maelezo ambayo hakuna mwanahistoria wa Pwani awezaye kuyapuuza hata leo. Mtu huyo ni Abu Abdallah Muhammad, ajulikanaye ulimwenguni kote kwa jina la Ibn Battuta.

Alizaliwa mwezi wa Februari mwaka wa 1304 katika mji wa Tangier, nchini Moroko, penye mlangobahari unaoitenga Afrika na Uhispania. Ukoo wake ulikuwa wa Kiberiberi, na jamaa zake wengi walikuwa makadhi, kwa hivyo naye akasomeshwa sheria ya Kiislamu. Mnamo tarehe 14 Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akashika njia peke yake kwenda kuhiji Makka. Wazazi walitaraji kumwona tena baada ya mwaka mmoja au miwili. Alirejea Moroko baada ya miaka 24. Baba yake alikuwa amekwisha kufa zamani, na mama yake alikuwa amefariki miezi michache tu kabla, kwa maradhi ya tauni yaliyoikumba dunia wakati huo.

Mwanafunzi asidhani kwamba Ibn Battuta alikuwa tajiri wa kujilipia starehe zake. Alipoondoka kwao alikuwa na elimu ya sheria na lugha ya Kiarabu, na hivyo viwili vilimtosha. Katika karne ile, kuanzia Moroko hadi bandari za Uchina, msomi wa sheria alipokewa na makadhi wenzake, akalazwa katika vyuo na zawia, akalishwa, na mara nyingi akapewa nguo na fedha za njiani. Hata kabla hajaifikia Misri alikuwa amekwisha kuugua homa kali iliyombidi ajifunge kwenye tandiko asianguke, amekwisha kuoa, amekwisha kugombana na mkwewe na kumwacha binti yake, na amekwisha kuoa tena. Tabia hii ya kuoa kila alipotua haikumwacha, na sioni sababu ya kuificha eti kwa kuwa wasomaji wa safu hii ni walimu na wanafunzi. Alioa, akazaa, akaacha, akaendelea na safari, na baadhi ya wanawe hakuwatia machoni tena. Msafiri hodari si lazima awe mume mwema.

Katika mwaka wa 1326 alifika Iskandaria, akaenda kuutazama ule mnara wa taa uliohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Aliukuta ubavu wake mmoja umebomoka. Hakutosheka kuushangaa kwa mbali. Aliingia ndani, akapima kwa shubiri upana wa njia, unene wa kuta na urefu wa kila upande. Miaka 23 baadaye, akiwa safarini kurudi kwao, alipita tena mahali pale, akakuta mnara umeporomoka kiasi cha mtu kutoweza kuufikia hata mlango. Karne iliyofuata mawe yake yakajengewa ngome. Vipimo vya kijana yule ni miongoni mwa vipimo vya mwisho vilivyochukuliwa na mtu aliyesimama ndani ya mnara. Nalitaja jambo hili kwa sababu na sisi tunayo majengo ya namna hiyo. Mawimbi yameutafuna msingi wa Ngome ya Yesu hata ikabidi ukuta wa kuyazuia ujengwe, na magofu ya Kilwa Kisiwani, kwa ajili ya mmomonyoko wa bahari na kutotunzwa, yaliwekwa na UNESCO katika orodha ya turathi zilizomo hatarini tangu mwaka wa 2004 hadi 2014.

Baada ya kuhiji, na baada ya kuzunguka Iraki na Uajemi na kukaa tena Makka, aliteremka Yemen hadi bandari ya Aden. Kutoka huko, mnamo mwaka wa 1331 kwa hesabu ya wanavyuoni wengi, alipanda chombo kilichoelekea pande zetu kwa upepo wa kaskazi. Kituo cha kwanza kilikuwa Zeila, mji ambao uvundo wake wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni ulimchukiza hata akaona heri kulala chomboni, ijapokuwa bahari ilikuwa imechafuka. Baada ya siku 15 baharini aliingia Mogadishu.

Hapa ndipo tuanzapo kumwona mtazamaji alivyo. Anatueleza kwamba chombo kilipotia nanga, vijana walikifuata kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mmoja wa wafanyabiashara na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo hakuwa na ruhusa ya kufikia kwingine, na mwenyeji wake ndiye aliyemwuzia na kumnunulia bidhaa. Mtu asiye makini angaliona ukarimu tu. Ibn Battuta aliona pia kanuni ya biashara iliyofichwa ndani ya ukarimu. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa msomi na si mfanyabiashara, alipelekwa na kadhi kwa mtawala wa mji, Abu Bakr bin Umar, aliyesema lugha ya kwao na kukijua Kiarabu pia.

Chakula alichoandaliwa amekieleza kwa ladha ya mtu aliyekipenda: wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chano kikubwa cha mti, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya malimau na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Anaongeza kwa mshangao kwamba mtu mmoja wa mji ule alikula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba walikuwa wanene kupindukia. Alilishwa mara tatu kwa siku kwa muda wa siku tatu, na siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, akaletewa mavazi ya kuendea msikitini: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni, kanzu ya kitani kutoka Misri, joho na kilemba. Wahenga wetu walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu alipewa kilemba.

Kisha akafika Mombasa. Maelezo yake juu ya mji huo hayajazi hata ukurasa mmoja wa daftari, na mwalimu akiwasomea wanafunzi wake gari moshi likiwa linaondoka Syokimau, atakuwa amemaliza kabla ya Athi River. Lakini hebu tuyapime yaliyomo. Anasema ni kisiwa, na watu wake hawana mashamba barani. Miti yao ni migomba na milimau, na kuna tunda mfano wa zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni ila ni tamu sana, ambalo kila mtoto wa Pwani atalitambua kuwa ni zambarau. Nafaka hawalimi, bali huletewa kutoka nchi aiitayo Sawahil, neno ambalo ndilo shina la jina la lugha tunayoiandika hapa. Chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Ni watu wa dini, wenye tabia njema, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, na misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi.

Kisha anatua kwenye jambo dogo ambalo mgeni mwingine asingalilishughulikia. Penye mlango wa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili. Maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja, yaani kata, kama tunavyoiita hadi leo. Uwanja unaozunguka kisima na msikiti umesakafiwa. Atakaye kuingia huosha miguu, kisha huifuta kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni. Anatueleza na sababu: watu wote wa mji ule hutembea pekupeku.

Hayo ndiyo aliyoyapata kwa usiku mmoja. Msomaji ataona kwamba hakuisifu bahari wala mchanga. Mambo anayoyaandika ni majibu ya maswali: watu hawa wanakula nini, chakula chao kinatoka wapi, wanaabudu wapi, maji wanayatoa wapi, na wanayatumiaje. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuyauliza maswali hayo katika Mji wa Kale wa Mombasa, mbele ya msikiti wa Mandhry kwa mfano, na akajibiwa na mzee yeyote aliyeketi barazani, mradi aamkie kwa adabu kwanza.

Kutoka Mombasa alikwenda Kilwa, na hapa hatuna budi kukawia. Kilwa ya wakati huo ndiyo iliyoitawala biashara ya dhahabu iliyotoka nchi za ndani na kupitia bandari ya Sofala. Mfanyabiashara mmoja alimweleza Ibn Battuta kwamba Sofala ni mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, naye akalitia habari hilo katika kumbukumbu zake. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani wa Kilwa imepatikana hata Great Zimbabwe. Mgeni wetu aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji iliyojengwa vizuri kuliko yote, kisha akasema kwamba wote umejengwa kwa mbao.

Kauli hiyo ya mwisho imewasumbua wataalamu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimbua Kilwa katika miaka ya 1960, alifukua kasri ya Husuni Kubwa iliyojengwa kwa matumbawe na chokaa juu ya jabali linaloikabili bahari, yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Na kasri hiyo ni ya zama za sultani yule yule aliyempokea Ibn Battuta. Msikiti Mkuu nao ulikuwa wa mawe. Je, macho yake yalimdanganya? Ieleweke kwamba aliyasimulia haya takriban miaka 23 baada ya kuyaona, na kwamba njiani aliwahi kunyang'anywa kila alichokuwa nacho, pamoja na maandishi yake. Wengine hudhani kwamba wanakili waliuharibu msitari huo. Wengine, kwamba nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za miti na udongo, na ndizo alizozikumbuka. Kwa maoni yangu, mwalimu wa historia hatapata somo bora zaidi ya hili. Shahidi aliyekuwapo anasema mbao, mawe yaliyofukuliwa yanasema mawe. Wanafunzi na wapewe pande zote mbili wahukumu wenyewe.

Sultani mwenyewe aliitwa Abu al-Muzaffar Hasan, na kwa wingi wa vipawa vyake watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji. Ibn Battuta alimpenda mno. Anasimulia jinsi alivyoketi na mafukara akala nao, na jinsi masharifu walivyomjia kutoka Iraki na Hijazi. Siku moja, baada ya swala ya Ijumaa, fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia katika nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa fukara kwa kumpa watumwa kumi. Habari za sifa za watu zilipomfikia sultani, akaamuru fukara aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Watumwa ishirini, kwa ajili ya vazi la mtu mmoja. Msimuliaji anaifikisha hadithi hii kwetu kuwa mfano wa ukarimu usio kifani, wala haulizi watu wale ishirini walitoka wapi. Lakini jibu amekwisha kulitoa mwenyewe kurasa hizo hizo, pale anaposema kwamba sultani huyo alizoea kuzivamia nchi za Wazanji waliokuwa bara, akachukua ngawira na kutenga sehemu yake ya tano kwa matumizi yaliyoamriwa na dini. Yeye aliona uchaji Mungu. Watu wa bara, waliovamiwa, hawakuwa na mwandishi katika msafara.

Hapa ndipo ninapoona kwamba mtoto wa Fedha ana lake la kusema. Darasa moja la mtaani kwetu lina watoto ambao asili zao ni ziwani, milimani, nyikani na Pwani yenyewe. Akiisoma safari ya Ibn Battuta, mtoto huyo hasimami upande wa mgeni aliyevishwa kilemba peke yake. Huenda akajiona pia miongoni mwa wale waliotajwa kwa hesabu tu, bila majina. Wapo wasemao kwamba mambo kama haya yafunikwe ili ziara za shule zibaki za kufurahisha. Mimi siafikiani nao. Mji wa kale uliosimuliwa kwa nusu, kwa milango yake ya nakshi pasipo kutaja soko lake, ni mapambo tu, na mapambo mtoto anayapata katika maduka makubwa ya hapa mjini bila ya kupanda gari moshi.

Vivyo hivyo tusimfanye Ibn Battuta kuwa msema yote. Hakuitaja Malindi, wala Lamu, wala Pate. Gede hakuiona, au kama aliipita hakuisema, ingawa watu waliishi pale zama zake, na mwaka wa 1399 wakalijenga lile kaburi lenye tarehe linaloonyeshwa wageni hadi leo. James Kirkman aliyeanza kuichimbua Gede mwaka wa 1948 hakuwa na msafiri wa kumwongoza. Mji huo umetiwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2024. Kilichokosekana katika kitabu cha msafiri maarufu hakikukosekana ardhini.

Upepo ulipogeuka kuwa kusi, Ibn Battuta aliondoka Kilwa kwenda Dhofar, na hakurudi tena pande zetu. Baadaye alipata habari kwamba Hasan alikuwa amefariki na nduguye Daud ametawala badala yake, mtu wa tabia tofauti kabisa, aliyewajibu waombaji kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu, hata wageni wakakoma kwenda.

Maisha yake yaliyosalia nitayapita kwa haraka. Alivuka nchi ya Waturuki na nyika za Asia ya Kati, akaingia Bara Hindi mwezi wa Septemba mwaka wa 1333, akafanywa kadhi wa Delhi na Sultani Muhammad bin Tughluq, aliyekuwa mkarimu asubuhi na muuaji jioni. Mwaka wa 1341 alitumwa kuwa balozi Uchina, jahazi zikavunjika Calicut, na badala yake akajikuta kadhi katika visiwa vya Maldives, alikojaribu kuwaamuru wanawake wafunike vifua vyao akashindwa. Anasema Uchina hatimaye alifika, ingawa baadhi ya wataalamu huitilia shaka sehemu hiyo. Safari yake ya mwisho ilikuwa ya kuvuka Sahara hadi ufalme wa Mali, katika mwaka wa 1352. Mfalme Sulayman alimpelekea zawadi ya mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando. Msafiri aliyezoea vilemba alicheka, akakasirika, akaenda kumkumbusha mfalme kwamba wafalme wa kwingine hutoa zaidi. Hiyo ndiyo dosari yake nyingine: aliwapima watawala wote kwa uzito wa mikono yao.

Aliporejea Fez mwaka wa 1354, Sultani Abu Inan alimwamuru msomi kijana, Ibn Juzayy, aketi naye ayaandike masimulizi yake. Kitabu kilimalizika mwishoni mwa mwaka wa 1355, na Ibn Juzayy hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Jumla ya mwendo uliomo humo hukadiriwa kuwa kilomita 120,000 hivi. Kwa karne nyingi nakala zake zilijulikana na wachache tu wa Afrika ya Kaskazini, mpaka Wafaransa walipozipata Algeria katika karne ya 19 na kuzichapisha Paris kati ya mwaka wa 1853 na 1858.

Mwenyewe aliishi miaka yake ya mwisho akiwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, akafariki mwaka wa 1368 au 1369. Mahali alipozikwa hasa wataalamu hawajaafikiana. Katika vichochoro vya mji wa kale wa Tangier pana kaburi dogo ambalo wageni huambiwa kuwa ndilo lake. Hufika hapo, hupiga picha, na kuondoka.